Balozi wa Nyumba Kumi na Moja

Nchi ninayoisimulia haipo. Naomba hilo lieleweke mapema, kabla msomaji hajaanza kumtafuta waziri wake humu ndani. Haipakani na nchi yako, bendera yake haifanani na ya kwako, na kama barabara zake zina mashimo, hayo ni mashimo yake yenyewe. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi katika mtaa wa Makubazi, na nilikuwa balozi mzuri. Nilijua nani kalala wapi, nani kapika nini, na nani alicheka hotuba ya Mheshimiwa ilipofika mahali pasipochekesha. Taarifa zangu zilifika juu kwa wakati, zikagongwa muhuri, na hakuna hata moja iliyowahi kurudi na swali.

Mambo yalianza na keki.

Wananchi walikuwa wameomba kwa miaka mingi keki ya taifa igawanywe sawasawa. Ombi hilo halikuwa baya. Mheshimiwa mwenyewe, ambaye kwa mapenzi tulimwita Namba Moja, alisema si baya. Kila sherehe ya uhuru alituahidi uwanjani kwamba keki itagawanywa, na kila mwaka ikawa kisu kimeagizwa lakini meli imechelewa. Mwishowe watu wa kaskazini wakasema wapewe nusu yao wakale kwao. Wa kusini wakasema hata sisi. Ndipo Mheshimiwa alipomwita Profesa Ndimbo, bingwa wa hesabu aliyesoma ng'ambo mpaka akasahau kula kwa mkono, akamuuliza: "Profesa, hii keki inagawanyika kweli?"

Profesa alijifungia na matokeo ya sensa. Alipotoka alikuwa analia kwa furaha. Idadi yetu ilikuwa 370,261, na namba hiyo, akatangaza redioni, ni namba tasa.

"Ndugu wananchi," alisema, "namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimejaribu kuwapanga wawili wawili, akabaki mmoja. Nimewapanga watatu watatu, akabaki mmoja. Wanne wanne, mmoja. Watano watano, mmoja. Sita sita, mmoja! Na huyo mmoja anayebaki kila mara, nadhani sote tunamjua."

Ukweli ni kwamba ukitupanga saba saba tunabaki watatu, lakini redio haikuwa na nafasi ya kila kitu.

Kwa hiyo keki ilikuwa na njia mbili tu za kugawanywa. Ya kwanza ni kuigawa kwa yenyewe, kila mtu apate kipande chake, na Profesa alionya kwamba vipande laki tatu na sabini elfu si vipande tena, ni makombo, na makombo huleta siafu. Ya pili ni kuigawa kwa moja, yaani ibaki nzima kwa Mmoja, awatunzie wote. Bunge lilichagua njia ya usafi. Katiba ikarekebishwa kabla ya chai ya saa kumi: Jamhuri ni tasa, itadumu kuwa tasa, na atakayeifanya igawanyike ni mhaini. Kina mama wachache walinung'unika kwamba kuiita nchi tasa ni kujitakia mikosi. Wakaambiwa hilo ni neno la kitaalamu.

Nasikia jioni ile Mheshimiwa alimuuliza Profesa swali moja tu. "Na moja yenyewe? Nayo ni tasa?" Profesa akapiga magoti. "Hapana, Mheshimiwa. Moja si tasa. Moja iko juu ya hayo." Mheshimiwa alifurahi mno, akamfanya Waziri wa Hesabu na Umoja.

*

Usidhani serikali ile ilikuwa ya maneno matupu. Ilitekeleza. Kila kitu chenye kugawanyika kilirekebishwa. Trei ya mayai ikawa na mayai ishirini na tisa, kwa bei ile ile. Meza za Bunge zikakatwa mguu mmoja kila meza, na kwa muda wabunge walijadili wakiwa wameshika kona. Mwaka ukapunguzwa ukawa wa miezi kumi na mmoja, na watumishi wa umma wakafutiwa Desemba pamoja na mshahara wake. Mpira wa miguu uliachwa, maana timu ilikuwa na watu kumi na mmoja tayari. Wiki nayo ikaachwa na siku zake saba. Waziri alisema hapo Mwenyezi Mungu alikuwa amejipanga vizuri.

Nami, kwa kuwa kumi ni namba inayogawanyika ovyo, nikapandishwa cheo nikawa balozi wa nyumba kumi na moja. Nyumba niliyoongezewa ilikuwa ya Bibi Kidawa. Mwenzangu wa mtaa wa pili alipomkabidhi kwangu alinishika mkono kwa huruma. Bibi huyo alikuwa mjane mzee mwenye kifua kibovu na ulimi mzima.

Siku ya kuhesabiwa upya, kila mtu alitakiwa asimame mbele ya balozi wake aseme kwa kinywa chake, "Nipo." Huo ndio ulikuwa utaratibu: asiyesema nipo hayupo, na mtoto mchanga husemewa na mama yake. Bibi Kidawa aliponiona mlangoni alisema, "Nipo, kwani ulidhani hii inayokohoa ni redio?"

*

Tatizo lilikuja asubuhi iliyofuata. Kuna mtu alizaliwa.

Mtoto mmoja tu, wa wazazi wenye adabu, lakini alitufanya tuwe 370,262, namba ambayo hata mpishi wa shule anaona inakatika katikati. Mtoto alikuwa mhaini kabla hajanyonya. Wizara ikakaa, ikatoka na suluhisho la busara: watoto wapya wasihesabiwe kwanza. Wangoje pembeni mpaka wafike idadi ya kutuvusha kwenye tasa inayofuata, waingie wote kwa pamoja.

"Na tasa inayofuata ni ipi?" waandishi wa habari wakauliza.

Profesa alijifuta jasho. Kwa kawaida, alieleza, tasa hazikai mbalimbali hivyo. Nyingine zinapishana kwa mbili tu, kama mapacha. Lakini sisi, kwa bahati, tulikuwa tumeangukia ukingoni mwa jangwa. Alikuwa amepima namba zote zilizo mbele, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa imeoza, hii kwa tatu, ile kwa saba, hii kwa kumi na tatu. Iliyo nzima ilikuwa 370,373. Watoto mia na kumi na wawili walipaswa kungoja.

Mmoja wao alikuwa wa nyumba zangu. Mama yake aliitwa Sikudhani, binti mpole wa nyumba ya saba, ambaye mumewe alikuwa machimboni akivunja kokoto. Mtoto asiyehesabiwa hakuruhusiwa jina, wala kuingia zahanati. Mlangoni pa zahanati yetu walikuwa wameandika kwa rangi nyekundu: HUDUMA KWA WALIOHESABIWA TU. Sikudhani kila akienda, Nesi Fortunata alimwambia neno moja, "Bado." Basi mtaa mzima tukamwita mtoto Bado. Alikuwa mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi, na tangu wiki ya kwanza alikuwa na homa ya kuja na kwenda.

Niliwaambia wavumilie. Nilisema serikali ina mipango. Nilisema hivyo nikiamini.

Na kweli siku ilifika. Watoto mia na kumi na wawili walikusanywa uwanjani, wamefungwa vitambaa vya rangi za bendera, mama zao juani, tayari kwa Kuvuka Jangwa. Mheshimiwa alihutubia. Alianza na historia ya namba tangu kuumbwa kwa vidole. Alipofika kwenye mchango wake binafsi katika kujumlisha, jua lilikuwa limetupata sawasawa, na mzee mmoja wa safu za mbele akainama, akawa kama anayesinzia. Hakuwa anasinzia. Marehemu akatolewa, Profesa akapiga hesabu, akamnong'oneza Mheshimiwa kwamba tumepungua mmoja. Sherehe ikafutwa. Msafara ulipokuwa unatoka getini, mama mmoja akajifungua pale pale kwenye nyasi, idadi ikatimia tena, tukakimbia nyuma ya magari tukipiga kelele. Wasaidizi walidhani tunashangilia, wakatupungia mikono.

*

Baada ya aibu ile ukaja waraka mpya. Kuvuka Jangwa kumeahirishwa. Kwa sasa mtoto angehesabiwa pale tu ambapo mtu aliyehesabiwa atakufa na kumwachia nafasi. Mmoja atoke, mmoja aingie, namba ibaki vile vile, na Mnara wa Namba ya Taifa ambao ulikuwa umeshachongwa usiharibike.

Sisi ni watu wenye mila ya kujuliana hali. Mtu akiugua, hatumwachi. Lakini baada ya waraka ule mila hiyo ilistawi kupita kiasi. Mzee akipiga chafya tu, ua wake unajaa wanawake wenye mimba. Walikuja na maboga, na samaki, na maswali. "Usiku ulilalaje, mzee? Ulilala kabisa, au ulishtukashtuka?" Wazee wa mtaa wakaanza kutembea kwa ukakamavu, na mmoja wa nyumba ya nne, ambaye alikuwa na mkongojo tangu nimfahamu, akautupa jalalani.

Aliyetembelewa kuliko wote alikuwa Bibi Kidawa kwa sababu ya kifua chake. Siku moja nilimkuta Sikudhani amekaa chini karibu na kitanda chake, bakuli la uji mkononi, Bado mgongoni.

"Uji wa leo chumvi haba," Bibi alikuwa anasema. "Unaogopa ukinikolea nitapona?"

Sikudhani nusura amwage bakuli. "Bibi, wallahi sikuja kwa hilo. Nilikuwa nakuletea uji hata kabla ya mtoto."

"Najua. Ndiyo maana wako naunywa. Wa wale wengine nampa paka." Akageuka kwa shida. "Mbona mtoto kanyamaza hivyo?"

"Homa, bibi. Tangu jana hataki ziwa."

"Zahanati?"

Sikudhani alivuta khanga akamwonyesha uso wa mtoto, na mimi pia nikauona. Macho yalikuwa wazi lakini hayatazami kitu. Nilikohoa nikasema jambo kuhusu subira. Bibi Kidawa akanikata.

"Balozi. Mtu akifa mtaa huu, nani anapeleka taarifa?"

"Mimi, bibi."

"Na unajuaje kama kafa?"

"Mwongozo unasema balozi ajiridhishe."

"Basi jiridhishe. Nimekufa."

"Bibi," nikasema, "unapumua."

"Hilo ni langu na Mungu. Mimi nimekuuliza la serikali."

Nilimweleza kwa upole kwamba marehemu hatibiwi, na kifua chake si cha kuchezea, na msimu wa baridi unakuja. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Nimekwenda zahanati hiyo miaka mingapi? Nimepewa nusu ya panadoli na ushauri niogope baridi. Baridi naiogopa hata nikiwa nimekufa. Andika, mwanangu. Nafasi yangu mpe huyu."

Niliogopa, sikufichi. Sikuwahi kupeleka taarifa ya uongo, na nilijivunia hilo kuliko kitu chochote nilicho nacho. Lakini Bado alitoa sauti ndogo mgongoni mwa mama yake, nikaona aibu ya kusimama pale na kalamu yangu safi. Nikaandika. Kesho yake Sikudhani alisimama mbele yangu akasema, "Yupo!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kisha akakimbia zahanati bila kuaga. Bado alichomwa sindano, akarudishwa siku ya pili, akachomwa tena. Siku ya tatu alinyonya mpaka mama yake akalia.

*

Kulikuwa na shida ya mazishi. Mgomba uliofungwa sanda tuliuzika vizuri, na dua ikasomwa kwa sauti ya chini, msomaji akiomba msamaha katikati. Lakini utaratibu ulidai Wizara ilete salamu za rambirambi na kuthibitisha kifo, na afisa akaja siku ya matanga, kijana mwenye suti na karatasi. Bibi Kidawa alikuwa amekataa kujificha. "Matanga yangu mwenyewe, niyakose?" Alijifunika ushungi, akakaa katikati ya wanawake, na kwa kweli ndiye aliyelia vizuri kuliko wote.

Afisa akasimama, akasoma. "Marehemu Bibi Kidawa alikuwa mwanamke mpole, msikivu, asiye na maneno mengi..."

"Mwongo huyo!" sauti ikatoka chini ya ushungi.

Watu wakaganda. Afisa akainua macho. "Nani huyo?"

"Ni ndugu wa marehemu," nikasema haraka. "Wa karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Hakuna aliye karibu zaidi, mkuu."

Afisa akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema uchungu una mambo mengi, tumwache alie. Bibi akaagiza afisa apakuliwe pilau, tena yenye nyama, kwa maana marehemu hakupenda mgeni aondoke na njaa. Alikula sahani mbili, akathibitisha kifo, akaondoka na ya tatu kwenye kopo.

*

Wiki iliyofuata nilipita kukusanya mchango wa hiari wa Mnara wa Namba, ambao asiyetoa hupelekwa mahakamani. Bibi Kidawa alikuwa barazani anachambua kunde.

"Mimi marehemu," akasema.

Nikafungua mwongozo. Ni kweli, marehemu hachangi. Jumamosi tulipopangwa barabarani tangu alfajiri kumpungia Mheshimiwa anayekwenda kuangaliwa meno ng'ambo, marehemu alikuwa kwake amelala. Jumatatu kwenye mazoezi ya gwaride la wananchi, marehemu alikuwa anakaanga bagia. Majirani waliokuwa wanarudi na malengelenge miguuni walisimama wakamtazama, kisha wakanitazama mimi.

Wa kwanza alikuwa Mshindo, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Alikuja na mkewe, wamevaa vizuri. "Balozi," akasema, "tangu jana tunajisikia kama tumekufa."

Nikawaambia hakuna mtoto wa kuchukua nafasi zao; watoto wengi walikuwa wameshapata wazee wao. Lakini Mshindo alikuwa amefikiri. Kama hatuwezi kwenda juu kwa sababu ya jangwa, alisema, si tushuke chini? Chini nako tasa zipo. Nikapeleka swali Wizarani, na Profesa akajibu kwa furaha kwamba huko chini zimekaribiana zaidi, ila kuna sharti moja la kimaumbile: tasa zote hizo ni witiri, kwa hiyo kutoka moja kwenda nyingine lazima waondoke watu wawili, au wanne, au sita. Mtu mmoja hawezi kufa peke yake akaiacha nchi salama.

Ndipo watu wakaanza kutafuta wa kufa nao. Mume na mke, wabia wa duka, mahasimu wa mpira waliokuwa hawasalimiani. Sokoni palibandikwa matangazo: "Natafuta mwenzi mwaminifu wa kufa naye Jumanne. Asiwe mlevi."

Utauliza kwa nini serikali haikuzuia. Ingezuiaje, wakati kila mwezi Waziri wa Fedha alitangaza maajabu? Mali ya nchi ilikuwa ile ile, watu wamepungua, kwa hiyo pato la kila mtu lilipanda kama maziwa jikoni. Wafadhili walikuja kujifunza siri yetu. Mheshimiwa alipewa tuzo ya kupambana na umaskini, akaipokea akiwa amezungukwa na mafukara ambao kwa takwimu hawakuwepo.

Basi tukashuka. Wakafa wakulima, wakafa walimu. Wanafunzi walitolewa na mama zao, kwa sababu kila mtoto aliyehesabiwa alitakiwa kuimba uwanja wa ndege. Askari walikufa kikosi kizima wakiwa kwenye gwaride, kamanda akiwa wa kwanza. Nesi Fortunata alikufa, akaendelea kuja kazini kwa mazoea, akifukuza wagonjwa wasiohesabiwa. Wote hao walikuwa hai, wanalima, wanafundisha, wanaoana, wanapatana. Sikudhani naye alikufa, ila alikataa kumtoa Bado. "Nafasi hii aliitoa Bibi," alisema. "Siirudishi. Na kuimba hawezi, hana meno."

Nami sikufa. Balozi haachi nyumba zake, hata kama zina marehemu watupu.

Tulipobaki watano, tulikuwa Mheshimiwa, mkewe, Profesa Ndimbo, mimi na Bado. Kisha Mama wa Taifa na Profesa wakafa siku moja, na wakaonekana wakiwa hai sana kwenye hoteli moja ya nchi jirani. Tukabaki watatu.

*

Wakati huo kifua cha Bibi Kidawa kilikuwa kimembana vibaya. Hakuweza tena kulala chali, na maneno yake yalikuwa mafupi, jambo lililotutisha kuliko kikohozi chenyewe. Sikudhani alimbeba hadi zahanati. Dawa zilikuwepo, tena rafu zimejaa, maana hapakuwa na mtu wa kupewa. Nesi Fortunata alisimama mlangoni. "Marehemu hatibiwi," akasema. "Nisamehe, dada. Sheria."

Sikudhani alimrudisha Bibi kitandani, akamfunga Bado mgongoni, akaenda moja kwa moja Ikulu. Mlinzi wa lango alikuwa marehemu, yuko kivulini anacheza bao, akamwonyesha njia.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema. "Nimekuja kuchukua theluthi ya mwanangu."

Mheshimiwa hakuelewa, kwa hiyo akamweleza. Katiba inasema keki hugawanywa kwa moja au kwa yenyewe. Zamani kuigawa kwa yenyewe kungeleta makombo. Sasa wako watatu, na theluthi ya nchi si kombo. Mtoto hataki mengi. Anataka theluthi yenye zahanati ndani yake.

Mheshimiwa aliomba apewe mpaka kesho, kisha akaniita.

Nilimkuta jikoni, peke yake, anachemsha yai. Alinimiminia chai kwa mkono wake. Sikuwahi kumwona karibu hivyo. Alikuwa mtu mfupi.

"Balozi," akasema, "tatu ukitoa moja?"

"Mbili, Mheshimiwa."

"Mbili ni tasa?"

"Ni tasa. Profesa alikuwa akisema ndiyo tasa pekee iliyo shufwa."

"Kwa hiyo hapa mtu anaweza kuondoka mmoja tu? Bila mwenzake?"

"Hapa tu, Mheshimiwa. Katika ngazi nzima ni hapa tu."

Akanisogezea karatasi. "Mwandike mtoto. Tubaki mimi na wewe. Nusu yangu, nusu yako. Umenitumikia miaka mingi, nani kama wewe?"

Nusu ya nchi! Nilikuwa na nyumba kumi na moja tu. Nitasema kweli, nilikunywa chai ile yote nikiiwaza nusu yangu, ina milima kiasi gani na ina mito mingapi. Halafu nikamkumbuka Bibi akisema nafasi yangu mpe huyu. Alisema akiwa na pumzi za kuhesabika, wala hakuuliza atapata nini.

Nikaandika taarifa. Marehemu mmoja, mtaa wa Makubazi, balozi amejiridhisha. Mheshimiwa akaigonga muhuri bila kuisoma, kama alivyozigonga zote tangu mwanzo, kisha akapumua. Yai lilikuwa limeiva. Ndipo kwa mara ya kwanza katika utawala wake, akasoma.

"Balozi," akasema taratibu. "Hili ni jina lako."

Sikumjibu. Marehemu hajibu. Niliinuka, nikaosha kikombe changu, nikatoka.

Alinifuata mpaka sokoni, na soko lilikuwa limejaa. Alisimama juu ya gogo la muuza nyama akaita, "Nani yupo? Nani yupo?" Alihitaji mtu wa kumwandika, na watu wa kuhesabika, na hata mmoja tu wa kuanzia. Watu waliendelea kuchagua nyanya. Kumfuta Bado hakuweza tena, kwanza hapakuwa na balozi wa kupeleka taarifa, na zaidi ya hayo angebaki mmoja, na moja, kama alivyofurahi kuambiwa zamani, si tasa. Taifa lote lisilogawanyika lilikuwa limesimama juu ya mtoto asiye na meno.

Wakagawana nusu kwa nusu. Mheshimiwa alichagua kwanza, kwa kuwa ni mkubwa: akachukua uwanja wa sherehe, uwanja wa ndege, Bunge na meza zake, na Mnara wa Namba. Sikudhani alimchagulia mwanawe visima, mashamba, shule na zahanati. Kila upande uliona umemshinda mwenzake.

Jioni ile ile tulimbeba Bibi Kidawa juu ya kitanda cha kamba, mimi nikiwa mguu wa kushoto, Mshindo wa kulia. Nesi Fortunata alikuwa mlangoni na daftari lake.

"Namba yako?" akauliza, kwa mazoea.

"Sina, mwanangu," Bibi akasema kwa shida. "Mimi marehemu."

Nesi akamtazama mwenye zahanati. Mwenye zahanati alikuwa mgongoni mwa mama yake, anatafuna pindo la khanga, na udende unamshuka. Kisha Nesi akaweka daftari chini, akavuta kiti.

"Kaa hapa, marehemu," akasema. "Haya, vuta pumzi."

Bibi Kidawa akavuta.